Zizi Moja, Mmiliki Mmoja

Kuna maneno mawili yananipandisha presha kuliko yote yanayosemwa hapa Bariadi, na yanasemwa kila siku, kwenye kila dirisha lenye kompyuta nyuma yake: "Mfumo umekataa." Mtu ametoka kijijini alfajiri, amekaa juu ya bodaboda mpaka kiuno kimekufa ganzi, amesubiri kwenye benchi hadi saa saba, halafu binti wa dirishani, bila hata kuinua macho, anamwambia mfumo umekataa. Na yule mtu anaitikia! Anasema haya, wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, anakunja karatasi zake na kuondoka. Angeambiwa na binadamu mwenzake kwamba amekataliwa, angeuliza kwa nini. Akiambiwa umekataa mfumo, anainamisha kichwa kabisa.

Jamani, mfumo haukatai kitu. Najua, kwa sababu ndiyo kazi yangu kuutengeneza. Nyuma ya kila kukataa kuna mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, chai imepoa pembeni, akaamua kwamba sehemu hii ya fomu iwekwe kinyota chekundu cha lazima, na sehemu ile isiwepo kabisa. Mara nyingi aliamua hivyo kwa sababu bosi wake alikuwa na haraka ya kwenda kula. Mimi ndiye mtu huyo, mwaka wa kumi huu, na watu wananiita mtaalamu.

Nimeona mengi ya kukasirisha katika miaka hiyo, lakini nitaeleza moja tu, la ng'ombe watano wa shangazi yangu. Hilo nilishiriki kwa vidole vyangu mwenyewe. Nikishamaliza kuwalaumu wote, nabaki mimi.

Shangazi ni dada mdogo wa baba. Mumewe alifariki zamani, akamwacha kwenye mji wa wakwe, kati ya mashemeji watatu ambao kwao kila chenye miguu minne ni cha ukoo, na ukoo ni wao. Hata kuku akitaka kumchinja, lazima atoe taarifa. Shangazi hakugombana nao. Alilima choroko, akalima pamba, akauza, na fedha yake akainunulia mtamba mmoja mwekundu kimyakimya. Hakumpeleka nyumbani. Alimpeleka kwa mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu yangu, kijiji cha mbele baada ya kupita Sapiwi, akamkabidhi mbele ya shahidi mmoja tu, mdogo wake yule mzee.

Kwetu Usukumani jambo hili si geni. Ng'ombe unaweza kumlaza kwenye zizi la mtu unayemwamini. Yeye anakunywa maziwa, anapata mbolea ya shamba, na ndama wakizaliwa ni wako. Malipo yako wewe ni mdomo wake. Mtu yeyote akimuuliza hawa ng'ombe ni wa nani, awe mgeni, awe ndugu, awe mkubwa wa serikali, atajibu ni wangu. Hapo hadanganyi wala haibi. Kusema "ni wangu" ndiyo kazi yenyewe ya kuwatunza. Mlinzi anayetaja kwa sauti mali ya mwenzake ni wa hasara, hata kama ng'ombe wote wako salama. Na idadi haitajwi. Ukimuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi, atakuambia wapo hao hao unaowaona.

Yule mtamba alizaa, na watoto wake wakazaa. Dume mmoja aliuzwa nilipokwenda chuo, ndiye akawa laptop yangu ya kwanza. Nilikuwa naifungua darasani nikimwona kabisa, na kovu lake kwenye bega. Mwaka ninaousimulia walikuwa wamebaki watano, na shangazi alikuwa na mpango nao: wauzwe wote kwa mkupuo, ajenge vyumba viwili kwenye kiwanja chake hapa mjini, ahame kwa wale mashemeji, afie kwenye nyumba yenye mlango wake mwenyewe. Alikuwa ameshachagua hadi rangi ya mabati. Watu waliojua habari ya ng'ombe hao walikuwa wanne: yeye, yule mzee, mdogo wake mzee, na mimi.

Ndipo ukaja mradi.

Ulikuwa mradi wa kuandikisha mifugo. Kila ng'ombe avalishwe hereni yenye namba, namba iingie kwenye kishikwambi, kishikwambi kipeleke kwenye seva. Ofisi yetu ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na nikaajiriwa mimi kama mtu wa mifumo. Bosi wetu, mratibu, alitoka mbali, viatu vyake vimechongoka mbele, na alipenda projekta kuliko anavyopenda chakula. Simu yake ilikuwa na kamera tatu nyuma, lakini ukimuuliza swali la neno moja anakutumia sauti ya dakika nne. Kila asubuhi aliweka kwenye grupu ya kazi picha ya maua yenye maneno ya baraka, na watu wazima na shahada zao wakajipanga kuitikia: amina bosi, amina mkuu, barikiwa kiongozi wetu. Usipoitikia, mchana unaulizwa kama unaumwa. Niliitwa mara mbili kwa dharura kwamba printa imekufa. Mara zote mbili ilikuwa haina karatasi.

Hayo ni ya kucheka. Lisilo la kucheka ni kikao cha fomu.

Nilikuwa nimeandaa fomu yenye nafasi mbili: mwenye zizi, na mwenye ng'ombe. Bosi akaiangalia ukutani, akasimamisha kalamu yake ya mwanga mwekundu hapo hapo.

"Hii ya pili ya nini?"

"Bosi, huku kwetu anayefuga na anayemiliki si lazima wawe mtu mmoja. Mtu analaza ng'ombe kwa mwenzake."

"Kwa maandishi?"

"Hapana, kwa kuaminiana. Tena mara nyingi kwa siri."

"Dada, unataka kutuingizia mambo ya kimila kwenye mfumo?" Akawageukia wengine. "Zizi moja, mmiliki mmoja. Kote wanaelewa, ni nyie tu wa huku ndio ng'ombe wenu wana mambo mengi?"

Watu wakacheka. Mle ndani tulikuwa Wasukuma sita, na wote sita tulijua ninachosema ni kweli kama jua. Tulicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, na mchana ule ule nikaifuta ile nafasi ya pili. Ilinichukua dakika moja.

Kitu changu kimoja kilikubaliwa, tena kwa makofi. Nilisema ng'ombe akishaandikishwa, mtu asiweze kubadilisha jina la mmiliki mpaka mmiliki mwenyewe atumiwe namba ya siri kwenye simu yake na aitaje. Mtu yeyote asiweze, hata sisi wa ofisini, hata mimi niliyeutengeneza. Nilikuwa nawaogopa wakubwa, na shemeji za wakubwa, wanaoweza kupiga simu moja tu ng'ombe wa maskini wakahama. Bosi alisema hiyo ndiyo akili inayotakiwa. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Zamu ya kijiji cha yule mzee ilifika kiangazi, pamba imeshavunwa. Mtu wa hereni alikuwa anaumwa, nikapangwa niende mimi na kishikwambi pamoja na kijana wa mifugo. Mtendaji wa kijiji alitangulia mbele, daftari kwapani. Zizi alilotupeleka lilikuwa la yule mzee.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa zizi, kofia magotini. Alinitambua hata kabla sijashuka kwenye pikipiki.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa upole, kana kwamba mimi ni mtoto wa mtu baki.

"Mwangaluka, baba."

Nikasoma maswali kama yalivyo. Jina. Kijiji. Simu. Akataja namba ya kitochi, simu yake ndogo ya vitufe, polepole, tarakimu moja moja. Idadi ya ng'ombe? Akaonyesha zizini kwa kidevu: wapo hao hao. Mtendaji akawahesabu mwenyewe kwa kidole, jambo lililowafanya wanawake waliokuwa wanapepeta mtama pale uani wasimamishe nyungo zao. Thelathini na mmoja. Kisha swali lenye kinyota chekundu.

"Ng'ombe hawa ni wa nani?"

Mzee akaniangalia. Nyuma yake, nyekundu wawili wa shangazi walikuwa wamesimama ubavu kwa ubavu, na yule mama yao mzee mwenye pembe moja iliyopinda alikuwa anacheua. Aliniangalia kwa muda wa kutosha nielewe kwamba yeye anafanya kazi yake na ananitegemea nifanye yangu.

"Ni wangu."

"Wote?" akauliza mtendaji.

"Wote ni wangu."

Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya maelezo, isiyo ya lazima. Nikaandika: watano si wake, ni wa fulani. Nikaitazama ile sentensi. Orodha zote zilikuwa zinabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, pamoja na maelezo, bosi aliita hiyo uwazi. Mashemeji wa shangazi walikuwa na ndugu kijiji kile. Wiki isingeisha wangekuwa mlangoni pake wakidai ng'ombe wa marehemu kaka yao. Simu yangu ikatetemeka, ni bosi kwenye grupu: "Timu, saa tisa sasa, namba zenu bado ndogo, tusiangushane." Nikaifuta ile sentensi. Nikabonyeza kutuma. Alama ya kijani. Kitochi cha mzee kikalia mfukoni: hongera, umesajili ng'ombe 31, wewe ndiye mmiliki halali.

Nawaza sana ile dakika. Ningeweza kusema kishikwambi kimeishiwa chaji. Kila siku vishikwambi viliishiwa chaji, hakuna ambaye angeshangaa. Kwa nini sikusema? Nilikuwa na hesabu ya kufikisha siku ile, na nilikuwa nimeizoea ile alama ya kijani.

Jioni nilipita kwa shangazi nikamweleza. Alikuwa anakata viazi vya kuanika michembe, akacheka.

"Sasa ulitaka ajibu nini? Amejibu vizuri."

"Shangazi, imeandikwa. Imeenda mbali."

"Iende. Karatasi inajua nini kuhusu ng'ombe wangu? Mzee anajua."

"Tuwauze mapema basi. Mwezi huu huu."

"Wamekonda. Acha mvua inyeshe wapate nyama."

Mvua ilinyesha. Ng'ombe wakanenepa. Na mzee, ambaye hakuwa anaumwa chochote, alilala mchana mmoja kivulini pa ghala lake na hakuamka.

Kimila, hapo hapakuwa na tatizo. Watu wakishaanua matanga, wanaume wa ukoo wanakaa, na yale yaliyofunikwa miaka yote yanafunuliwa. Hicho ndicho kikao ambacho ng'ombe wanasemwa: hawa ni wa fulani, alileta mtamba mwaka wa njaa, shahidi ni mimi. Wenye ng'ombe wanarudishiwa. Nimeona kwa macho yangu watu wakirudishiwa ng'ombe ambao hata wao walikuwa wamepoteza hesabu yao. Ni mfumo, nao. Una kumbukumbu, una shahidi, una namna ya kurekebisha. Ulichokosa ni projekta tu.

Mdogo wake marehemu alisimama, kama inavyotakiwa. Akasema kati ya hawa thelathini na mmoja, watano si wetu, akawataja rangi mmoja mmoja, akamtaja shangazi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ingeishia hapo.

Lakini mtoto mkubwa wa marehemu, anayefanya biashara ya samaki Lamadi, alikuwa ameshika simu ya baba yake. Si mtu mbaya, nasema ukweli. Hakukulia pale, na baba yake hakuwahi kumwambia, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, huambii hata mwanao. Akafungua ule ujumbe akausoma kwa sauti: umesajili ng'ombe 31, wewe ndiye mmiliki halali. Akasema, baba yangu aliulizwa na serikali mchana kweupe, akasema wote ni wake, tena mara mbili, mtendaji huyu ni shahidi. Sasa baba alikuwa mwongo? Nani humu ndani anamwita marehemu mwongo?

Mimi sikuwepo, haya naambiwa. Mtendaji akaombwa aseme neno. Akasema yeye anatambua kilichopo kwenye mfumo.

Na ubaya wa siri ni kwamba ikishatoka hairudi. Siku ya tatu mashemeji wa shangazi walikuwa wameshasikia. Wakaja nao na la kwao: kama ng'ombe hao si wa mzee, basi ni wa marehemu kaka yetu, kwa hiyo ni wetu. Mwanamke ananunuaje ng'ombe? Ikapangwa kukaa tena baada ya siku nne, pande zote tatu.

Katika siku hizo nne sikulala vizuri wala kula. Nilikwenda ofisini nikafungua kompyuta yangu, nikaingia na yale mamlaka yangu yote ya mtu wa mifumo. Nikaifungua rekodi ya mzee. Nikabonyeza kubadilisha mmiliki. Kompyuta ikaniambia kwa adabu kabisa kwamba namba ya siri imetumwa kwa mmiliki. Mmiliki yuko kaburini, na simu yake iko Lamadi kwenye mfuko wa mwanaye. Nilijaribu kuzunguka nyuma. Nilijua kila mlango wa ile nyumba, na kila mlango nilikuta nimeufunga vizuri, kwa mkono wangu, kwa akili zangu zote, ule mwezi nilioshangiliwa kwa makofi. Nikapiga meza mpaka kalamu zikaruka. Nilikuwa nimewazuia wezi, na pamoja nao nikamzuia mtu pekee aliyekuja na ukweli mkononi.

Nikaenda kwa bosi. Nikamweleza yote, hata lile nililofuta. Alisikiliza huku akichezesha kiti.

"Pole sana. Lakini unaona hatari yake? Tukibadilisha mmoja, kesho watakuja mia. Mfumo ni mfumo."

"Mfumo tuliutengeneza sisi, bosi. Wewe na mimi, kwenye chumba kile pale."

"Andika barua. Nitaipeleka ngazi ya juu."

Niliandika. Najua ilikofikia, kwa sababu wiki mbili baadaye niliikuta chini ya kikombe chake, ina duara la chai.

Siku ya kikao nilikwenda mwenyewe. Shangazi alikaa pembeni kwenye mkeka na wanawake, kitenge chake kipya, mikono imetulia mapajani. Nilipopewa nafasi nikasimama, nikasema: jamani, mashine haijui kitu. Ilichoandika ni kile nilichoandika mimi. Nilikuwa najua watano ni wa shangazi yangu, nikaandika vingine. Kosa ni langu.

Nilidhani nikisema hivyo uzito utahama. Mtendaji akaninyooshea kiganja, bila ukali wowote, akaniuliza:

"Dada, unaongea kama ndugu au kama afisa? Kama ni afisa, ulichoandika ndicho hicho na ulikituma. Kama ni ndugu, basi kaa na ndugu zako, usikilize zamu yao."

Yule mtoto wa marehemu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, "Na kama hii uliandika uongo, dada yangu, za watu wengine wote uliandika nini?" Watu wakanigeukia. Vijiji vingapi nilikuwa nimepita na kile kishikwambi? Mazizi mangapi yalinijibu "ni wangu"?

Wazee walikaa faragha, wakarudi. Wakimpa shangazi, mashemeji watamvamia njiani. Wakiwapa mashemeji, watakuwa wamewapa watu wasio na shahidi hata mmoja. Koo mbili zingeshikana mapanga kwa ajili ya ng'ombe watano. Wakaona heri wabaki walivyoandikwa. Waliposema hivyo, mdogo wake marehemu, shahidi, aliinuka akaondoka bila kuaga, na hajakanyaga tena kwenye mji ule.

Shangazi hakulia. Aliomba tu aruhusiwe kupita zizini. Alisimama kidogo kwa yule mwenye pembe iliyopinda, akaishika ile hereni ya njano sikioni, akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi. Halafu tukapanda pikipiki tukarudi. Njiani hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Aliniuliza tu kama wale wanaochoma matofali pale mjini wanaweza kumrudishia kianzio alichowapa.

Bado anakaa kwa mashemeji. Sasa wanampekua. Akirudi mnadani na kapu, shemeji mkubwa anauliza kwa kucheka kuna ndama gani humo. Kile kiwanja kimeota majani, watu wanafungia mbuzi.

Msimu uliofuata ilikuja barua kutoka ngazi ya juu. Malalamiko yalikuwa yamezidi wilaya hadi wilaya, upande wetu na hadi kule Mkula, ng'ombe wa watu waliolazwa kwa wenzao wamepotelea kwenye majina yasiyo yao. Bosi akaitisha kikao. Akawasha projekta. Akatuonyesha, kwa kalamu yake ya mwanga mwekundu, maboresho aliyoyabuni: fomu yenye nafasi mbili, mwenye zizi na mwenye ng'ombe, na ya pili haibandikwi ubaoni. Watu wakapiga makofi. Kwenye grupu wakaandika hongera mkuu, ubunifu wa hali ya juu. Mimi nikapewa kazi ya kuijenga ndani ya siku tatu.

Niliijenga kwa hasira, na ikatoka nzuri. Siku ya tatu asubuhi nikaanza kuijaribu. Katika kazi yetu, kabla fomu haijaenda kwa watu, unaijaribu pembeni kwa kuijaza taarifa za kutunga, unaona kama inakubali, halafu unazifuta. Wengine wanaandika jina la mchezaji mpira. Mimi vidole vyangu vilijaza kabla sijaamua. Mwenye zizi: nikaandika jina la mzee. Mwenye ng'ombe: nikaandika jina la shangazi. Idadi, watano. Rangi, nyekundu watatu, weusi wawili. Simu ya mwenye ng'ombe, nikaandika yake, namba pekee ninayoijua kwa kichwa ukiacha yangu. Nikabonyeza.

Alama ya kijani. Usajili umekamilika. Niliiangalia kwa muda mrefu, macho yamejaa machozi kama mjinga. Ilikuwa imekubali bila shida yoyote. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Kisha nikafuta, kama inavyotakiwa, nikaenda kuchemsha chai.

Nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingelisahau. Fomu ilikuwa ya majaribio. Mtambo wa kutuma ujumbe haukuwa wa majaribio.

Simu yangu ikaita, shangazi. Huwa hapigi asubuhi, anabania vocha. Alikuwa anahema, nikasikia kuku nyuma yake na upepo, nikajua ametoka nje ya mji ili wale wasisikie.

"Mwanangu, kitochi kimeniandikia. Nimesoma mwenyewe, kwa kidole, mara tatu. Kinasema hongera. Kinasema nina ng'ombe watano, mimi ndiye mwenyewe."

Nikaweka kikombe cha chai chini.

"Mwanangu, unanisikia? Nimeshachukua kamba. Wako kule kule kwa mzee, au niwafuate wapi?"

"Shangazi," nikasema, "ni mimi. Nilikuwa najaribu mfumo."

Kuku wakaendelea kulia.

"Ukakubali?" akauliza.

"Umekubali."

"Haya," akasema shangazi. "Wabeja, mwanangu." Na akakata simu.